Siku ya ofu Dubai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hela, soko, kago na shughuli nyingine

Majibu haya yameandikwa kwa wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki na Kongo walioko Dubai, pamoja na wanaokaa Sharjah au Ajman na kuja mjini mara moja kwa wiki. Saa zimehesabiwa Kiswahili: mlango ulioandikwa 8:00 asubuhi hapa tunauita saa 2.

## Kabla ya kutoka

Siku ya ofu ni haki yangu au ni hisani ya bosi?

Ni haki. Anayefanya kazi kampuni analindwa na sheria ya kazi namba 33 ya 2021, inayotaka angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Wafanyakazi wa nyumbani, yaani madada wa kazi, yaya, madereva, wapishi na watunza bustani, wana sheria yao, namba 9 ya 2022. Hiyo inataka siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, na ukifanya kazi siku hiyo upewe siku nyingine au ulipwe.

Sheria haikutaja kwamba lazima iwe Jumapili. Kubalianeni siku mapema, tena kwa ujumbe wa maandishi, maana ofu inayopangwa kwa mdomo usiku wa kuamkia siku yenyewe ndiyo inayofutwa kirahisi. Kama hupewi kabisa, tazama swali la mwisho.

Nibebe nini?

Kitambulisho cha Emirates, kadi yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haitoshi katika ekschenji nyingi (maduka ya kubadilisha na kutuma hela), na hili ndilo linalorudisha watu mlangoni kuliko jambo lingine lolote. Mengine ni kadi ya Nol ya nauli, kadi ya mshahara, simu yenye chaji, chupa ya maji, na mifuko miwili ya nguo, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kutupa imepigwa marufuku madukani Dubai tangu 2024. Pasipoti iache ulikoihifadhi, nakala inatosha.

Andika pia karatasini majina kamili ya unaowatumia hela, kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. "Mama Asha" halitumwi.

Nianze na shughuli gani?

Hela kwanza, karatasi na simu zifuate, kago na nguo katikati, chakula mwisho. Hela zinatangulia kwa sababu mbili. Foleni ya ekschenji asubuhi ni fupi, na muamala ukikwama asubuhi unabaki na muda wa kurudi dirishani siku hiyo hiyo. Ukituma saa 2 usiku, kosa la herufi moja litasubiri ofu ijayo.

Chakula kinakuja mwisho kwa sababu ya joto. Kuanzia Juni hadi Septemba, samaki na nyama haviwezi kuzunguka nawe kwa muda wa saa tatu. Miezi hiyo panga mambo ya ndani kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni, kama ekschenji, duka la simu na kliniki. Serikali yenyewe husimamisha kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9 mchana, 15 Juni hadi 15 Septemba. Mtu aliye ofu hana sababu ya kutembea Naif, mitaa ya maduka ya Deira, na boksi kichwani saa hizo.

Maduka na ofisi hufunguliwa lini?

Tangu Januari 2022 wikendi ya serikali ya shirikisho na ya Dubai ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Sharjah hupumzika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Maduka na ekschenji za kwenye mall hufunguliwa siku zote, ila Ijumaa mengi ya mitaani hufunga wakati wa sala. Ukiwa na ofu Ijumaa, maliza ya mitaani kabla ya saa 6 mchana au anza baada ya saa 8.

Ukipanga kumpigia aliye nyumbani akachukue hela, kumbuka Dubai iko mbele ya Nairobi, Dar na Kampala kwa saa moja, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Bukavu kwa saa mbili.

## Usafiri

Nauli ya metro inahesabiwaje?

Kwa kanda. Ukiwa na kadi ya Nol ya fedha, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, na zaidi ya hapo ni 7.5. Kadi inauzwa dirhamu 25, ndani yake 19 ni salio lako. Tiketi nyekundu ya karatasi ni ghali zaidi kwa kila safari, hivyo haimfai mkaazi.

Ukishuka metro na kupanda basi ndani ya dakika 30, mfumo huhesabu safari moja. Kwa hiyo usitoke kituoni kula kisha ukarudi. Kama siku yako ina safari nne au tano ndefu, uliza tiketi ya siku nzima ya dirhamu 20 uilinganishe na hesabu yako.

Geti limenikatalia na salio ninalo. Kwa nini?

Salio halitoshi. Geti halikubali kadi yenye hela kidogo hata kama safari yenyewe ni ya dirhamu 3. Weka angalau 15 kabla ya kuingia. Kaunta za vituo hutaka kuongeza kuanzia dirhamu 50, lakini mashine zilizo pembeni hupokea kiasi kidogo. Sababu nyingine ni kwamba safari iliyopita ulishuka kwenye basi bila kugusa kadi, ukakatwa nauli ya juu kabisa.

Faini zipi huwapata wageni?

Kula, kunywa au kutafuna bazoka ndani ya metro ni dirhamu 100. Mwanamume kuingia behewa la wanawake na watoto ni 100 pia, na hutokea pale mtu anapokimbilia mlango wa karibu bila kutazama rangi ya waridi sakafuni. Kusafiri bila kulipa ni 200, na kulala mahali pasiporuhusiwa ni 300. Kuvuka barabara pasipo kivuko ni 400, na sheria mpya iliyoanza 2025 inaweza kumfikisha jela anayesababisha ajali, adhabu ikiwa kali zaidi kwenye barabara za mwendo wa kilomita 80 kwa saa au zaidi. Daraja la waenda kwa miguu liko mbali kweli, panda tu.

Jumapili metro huanza saa ngapi?

Saa 2 asubuhi, wakati siku nyingine huanza saa 11 alfajiri. Anayetoka kambini mapema Jumapili apange basi.

Nashuka wapi kwa ajili ya Deira?

Kwa Naif na maduka ya jumla, shuka Baniyas Square, njia ya kijani. Kwa soko la viungo, Al Ras. Njia nyekundu na ya kijani hukutana Union na BurJuman, na mabasi ya Sharjah yapo Union na Al Ghubaiba. Kuvuka Khor, mkono wa bahari unaogawa mji, kwenda Bur Dubai, mashua ya abra ni dirhamu 1 taslimu. Shika sarafu mkononi.

## Kutuma hela

Ekschenji ipi ina bei nzuri?

Usiulize ada peke yake. Ada utaiona kwenye risiti, pamoja na VAT ya asilimia 5 juu yake, lakini gharama kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilishia. Njia ya kuipima ni hii. Dirhamu imefungwa kwa dola: dola 1 ni dirhamu 3.6725, haibadiliki. Chukua bei ya dola nyumbani siku hiyo, igawe kwa 3.6725, utapata thamani halisi ya dirhamu.

Mfano: dola ikiwa shilingi 129 za Kenya, dirhamu ni shilingi 35.13. Ekschenji ikikupa 34.60, inabaki na senti 53 kwa kila dirhamu. Ukituma dirhamu 1,000 umelipa kama shilingi 530, yaani dirhamu 15 ambazo hazipo kwenye risiti. Tangazo la "bila ada" lenye kiwango hicho ni ghali kama lile lenye ada ya 15 na kiwango kamili.

Swali la kumuuliza mhudumu ni moja: "Nikikupa dirhamu 1,000 zote, ada ikiwa ndani, atapokea shilingi ngapi?" Uliza madirisha matatu, linganisha jibu hilo tu. Kiwango cha wikendi mara nyingi ni kibaya kidogo kwa kuwa masoko ya fedha yamefungwa, hivyo mwenye programu ya ekschenji kwenye simu afadhali atume siku ya kazi.

Nitume kwenye simu, benki au achukue dirishani?

Kwa matumizi ya nyumbani, simu ni haraka zaidi na mpokeaji hapandi gari. Kikomo cha M-Pesa ya Kenya ni shilingi 250,000 kwa muamala na salio la 500,000. Kinachozidi hapo kipitie benki. Ada ya shule na malipo ya kiwanja yapitie benki hata kama ni kidogo, kwa sababu unabaki na ushahidi unaosomeka miaka mitano baadaye. Dirishani ni kwa asiye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake.

Hela haijafika. Nifanye nini?

Tazama risiti kabla ya kumlaumu mtu. Makosa ya kawaida ni haya: namba imeandikwa bila 254, 255 au 256, jina la laini si la mpokeaji, kwa mfano laini ya mama imesajiliwa kwa jina la mwanawe, au mpokeaji alihamisha namba yake kwenda mtandao mwingine bila kuiacha, na dirishani ukachagua mtandao wa zamani kwa kuangalia tarakimu za mwanzo.

Rudi dirishani na risiti pamoja na kitambulisho. Jina hurekebishwa ikiwa hela haijachukuliwa. Ikiwa imeingia kwenye simu ya mtu mwingine, anayeweza kuizuia ni mtandao wa nyumbani, kwa hiyo mpokeaji apige huko mara moja huku wewe ukifungua malalamiko huku. Usitupe risiti mpaka uambiwe "imeingia" na mpokeaji mwenyewe.

Rafiki yangu hana kitambulisho. Nimtumie kwa jina langu?

Hapana, hata awe ndugu wa damu. Muamala unasomeka kuwa wako, na kiasi kisicholingana na mshahara wako huzua maswali ambayo huna majibu yake. Kama kadi yake imepotea, tazama swali la kitambulisho kilichopotea.

Kuna mtu huchukua dirhamu hapa, mwenzake analipa nyumbani kwa kiwango kizuri. Ni salama?

Hiyo ni hawala. Yenye leseni ya Benki Kuu inaruhusiwa. Isiyo na leseni ni kosa, na hela zikipotea huna pa kushtakia bila kujitaja mwenyewe. Kiwango kizuri hakilipi hatari hiyo.

## Soko

Unga wa ugali napata wapi?

Maduka ya Waafrika ya Deira, hasa mitaa ya Naif, huuza sembe na dona kutoka nyumbani. Ukikosa, kuwa makini na vifungashio. Pakiti iliyoandikwa "corn flour" mara nyingi ni wanga mweupe wa kukolezea supu, haisongeki. "Sooji" au "rawa" ni ngano. "Makki atta" ya Kihindi ni mahindi kweli, lakini imesagwa laini na huwa ya njano: ugali wake hunata. Ukiitumia, punguza maji, uivishe moto mdogo muda mrefu zaidi.

Kwa mengine, duka la Wahindi wa Kerala ndilo jirani wa jikoni ya pwani. Muhogo wanauita kappa au tapioca, mchicha ni cheera, mbaazi ni toor, choroko ni moong, kunde ni lobia, na dagaa wakavu ni nethili. Nazi nzima na ndizi mbichi huwapo pia, tena kwa bei nafuu kuliko duka lenye jina la Afrika.

Samaki je?

Waterfront Market ya Deira ndiyo soko kubwa la samaki. Changu huitwa shaari, nguru ni kanad, tasi ni safi, kibua Wahindi humwita bangda. Bei ni ya mapatano, na hushuka jioni. Kusafisha hulipwa kando, sehemu maalumu. Omba barafu kwenye mfuko. Machi na Aprili, kwa miaka ya karibuni, shaari na safi hukatazwa kuvuliwa na kuuzwa ili wazaliane, kwa hiyo usishangae kuwakosa.

Bei ya Naif inapunguzwa kiasi gani?

Hakuna asilimia maalumu. Uliza bei ya kipande kimoja, kisha ya vipande sita. Tofauti hiyo inakuonyesha faida ya muuzaji. Kaunta yenye bei iliyobandikwa na mashine ya risiti haipunguzi.

Nikinunua simu iliyotumika niangalie nini?

Bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi na risiti. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa: ifutwe yote irudi kama ilivyotoka kiwandani (factory reset) ukiwa bado dukani, ikikuomba nywila ya mtu mwingine iache hapo hapo. Jaribu laini yako, kamera, chaji na spika. Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia mwaka 2016, hivyo simu ya bei ya kutupa huweza kufa ikifika nyumbani.

Narudishiwa VAT?

Hapana. Marejesho ni ya watalii. Mwenye visa ya ukaazi halipwi.

## Kago

Boksi linahesabiwaje bei?

Meli huhesabu ujazo au kilo, kutegemea wakala. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni mita za ujazo 0.096, kwa hiyo kama kumi na kidogo hivi hujaza mita moja ya ujazo. Ndege huhesabu kilo au ujazo, chochote kilicho kikubwa: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Boksi hilo hilo linakuwa kilo 16, hata kama ndani kuna mito mitupu ya kilo 4. Vitu vyepesi vyenye nafasi, kama blanketi na vyombo vya plastiki, vipeleke kwa meli.

Kisha uliza bei inaishia wapi: bandarini, ghala la wakala Mombasa au Dar, au mlangoni? Ushuru wa forodha umo? Watu wengi hulipa bei ndogo hapa, ndugu akadaiwa nyingine kule. Jibu liandikwe kwenye risiti yenye namba ya mzigo.

Vipi boksi lifike salama?

Boksi jipya la tabaka mbili. La duka la chakula limeshalegea. Vizito chini, nguo zijaze mapengo, sufuria zibebe vitu ndani yake. Andika jina, simu na mji wa mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito pande tatu, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo ndani. Piga picha vitu kabla ya kufunga, na boksi baada ya kupimwa. Usifunge gundi mpaka wakala akague, vinginevyo watalikata.

Nini hakipokelewi?

Kwa ndege: betri za akiba, manukato ya kupuliza, gesi, vibiriti. Kwa njia zote, hela na dhahabu zisitiwe kwenye boksi. Na usikubali kuweka kifurushi cha mtu ndani ya boksi lenye jina lako bila kukifungua na kukiona chote.

## Simu, dawa na pasipoti

WhatsApp inaandika lakini haipigi. Simu mbovu?

Si mbovu, simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Wengi hutumia programu ya Botim kwa kupiga. Kuhusu VPN, programu ya kuficha ulipo mtandaoni: sheria ya 2021 ya makosa ya mtandao inamwadhibu anayeitumia kutenda kosa au kulificha, na faini huanzia dirhamu 500,000. Usiruhusu mtu akuwekee tu.

Laini husajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitambulisho kikiisha, laini hufungwa, na pamoja nayo namba za siri za benki. Laini ya nyumbani nayo iwekee salio kidogo, kwa kuwa ujumbe wa uthibitisho wa benki yako ya nyumbani huja huko.

Naweza kununua antibayotiki dukani?

Bila cheti cha daktari, hapana. Bima ya afya ni ya lazima na mwajiri ndiye anayelipia; kadi ya bima ipo kwenye kitambulisho au programu. Kabla ya kwenda, piga kliniki uulize kama imo kwenye mtandao wa bima yako na utachangia kiasi gani, maana kliniki ya jirani isiyo kwenye orodha hutoza bei kamili. Dawa za kutoka nyumbani zenye kodeini au tramadol zinadhibitiwa. Zisije bila kibali. Miraa ni dawa ya kulevya kisheria hapa, kwa kiasi chochote.

Pasipoti inaisha. Ubalozi unafunguliwa siku ya ofu?

Kwa kawaida hapana ikiwa ofu yako ni wikendi, na balozi hufunga pia sikukuu za nyumbani. Kenya, Tanzania na Uganda zina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Anza maombi mtandaoni, pata tarehe, kisha muombe bosi siku hiyo kwa maandishi ukiambatisha uthibitisho. Anza miezi minane kabla, kwa kuwa visa huwa haifanywi upya pasipoti ikiwa chini ya miezi sita.

## Mambo yenye utata

Nifanye kibarua siku ya ofu?

Kumfanyia kazi mtu asiye mwajiri wako bila kibali ni kosa, hata usafi wa muda wa saa tatu. Vibali vya kazi za muda vipo kwa baadhi ya kazi, na huombwa na mwajiri kupitia wizara ya kazi. Tangu 2024 faini ya anayeajiri bila kibali ni dirhamu 100,000 hadi milioni 1, na aliyekuajiri hatakuwa na haja ya kukutetea.

Tuna msiba. Tunaweza kuchangishana?

Hili linauma, kwa sababu kwetu mchango ni utu. Lakini kukusanya michango kutoka kwa umma bila leseni, hata kwa kundi la WhatsApp au bango la mtandaoni, ni kosa. Njia salama ni kila mtu kumtumia mfiwa au familia nyumbani moja kwa moja kwa jina lake. Kwa kusafirisha mwili, piga ubalozi kwanza. Ubalozi unajua taratibu, na mwajiri ana wajibu wake wa gharama.

Nimepoteza kitambulisho cha Emirates.

Omba kingine haraka kupitia kituo cha kuchapa maombi au programu ya mamlaka ya vitambulisho. Ada ya kadi mpya ni dirhamu 300, na gharama za huduma juu yake. Mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo. Anayekupigia akijiita polisi au Benki Kuu na kutaka "kuhuisha" kitambulisho kwa namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako ni mwizi; kata simu.

Bosi ameshika pasipoti yangu, au hanipi ofu. Nipige wapi?

Kushika pasipoti ya mfanyakazi hakuruhusiwi. Kitambulisho na pasipoti ni vyako kuvitunza. Malalamiko ya kazi, kwa kampuni na kwa nyumbani, piga 80084 wizara ya kazi, au tumia programu yake. Andaa namba ya kitambulisho, nakala ya mkataba, na tarehe za ofu ulizonyimwa, zilizoandikwa moja moja. Ukipigwa au kufungiwa ndani, usisubiri wizara: polisi ni 999, na ambulansi 998.